Tulimlisha Tukijua

Kwa miaka mitatu mfululizo, kila mwezi wa saba, wanawake watatu tulikuwa tukiwaachia waume zetu watoto na kwenda kustarehe. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu wapo walioona aibu kwa niaba yetu. Mama mmoja wa kanisani kwetu, Louisville, aliwahi kuniuliza kama nyumbani kwangu kuna amani, maana hajapata kumsikia mwanamke wa milimani akimuaga mumewe kwamba anaenda kupumzika. Nilimjibu kwamba amani ipo tele, ndiyo maana naweza kuiacha siku tatu na kurudi nikaikuta. Hakuniuliza tena.

Tulikulia kambi moja nchini Burundi, baada ya wazazi wetu kuteremka kutoka milima ya juu ya Kivu Kusini bila hata ng'ombe mmoja. Tulichota maji kwenye bomba moja, tukaimba kwaya moja, tukachapwa na mwalimu mmoja. Halafu majina ya safari ya Amerika yakaanza kutoka, kila familia kwa wakati wake, na mmoja wetu akapelekwa Buffalo, mwingine Columbus, mimi Louisville, baba yangu akibaki kambini. Hakuna aliyetuuliza tungependa kukaa karibu na nani. Kwenye simu tukaanza kuitana kwa miji yetu, kwa utani, kana kwamba ndiyo iliyotuoa: wewe wa Buffalo, wewe wa Columbus. Hapa nitawaita hivyohivyo, maana majina yao si yangu kuyatoa.

Mimi ndiye mkubwa wao. Ni ukubwa wa miaka miwili tu, lakini niliutumia wote. Niliamua nani apike nini, nani alale wapi, tutoke saa ngapi, na wao waliniacha niamue kwa sababu tangu utotoni ndivyo ilivyokuwa. Nikiikumbuka sauti yangu ya miaka ile, nasikia sauti ya mtu asiyezoea kubishiwa.

Mwaka wa kwanza walikuja kwangu, mtaa wa Iroquois. Tulipanda hadi juu ya kilima cha bustani, tukatandika vitenge, tukala kuku na ndizi kwa mikono, watu wakipita na mbwa wao na kutusalimia. Wa Buffalo alilala chali kwenye majani akasema tangu afike nchi hii hajawahi kulala mchana. Alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali, akikunja saa kumi kwa siku, na viganja vyake vilikuwa vikavu mpaka vinakwaruza ukimshika. Dakika mbili baadaye alikuwa anakoroma. Tulimfunika kitenge, tukakaa pembeni yake kimya saa nzima, na sikumbuki saa nyingine niliyowahi kukaa bure namna ile nikafurahi.

Mwaka wa pili ulikuwa wa Gahanna, kitongoji cha Columbus, kwa yule wa Columbus, kwenye nyumba ya kupanga iliyo karibu na uwanja wa ndege. Yeye kazi yake ni kuwatunza wazee majumbani mwao, na ana kipaji cha kuwaigiza: yule anayeficha dawa chini ya ulimi, yule anayedhani kila mtu ni dada yake. Tulimfanyia sherehe ya kuzaliwa. Kwenye karatasi zetu sote watatu tulizaliwa siku ya kwanza ya mwaka, kama nusu ya kambi, kwa hiyo tulichagua tu siku ya Julai iliyokuwa na jua na kumpa. Wa Buffalo alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ndivyo alivyokuwa, kicheko kilimwishia miguuni, lazima akae. Ukimwona anatafuta pa kukalia unajua umemweza.

Na kila alipokula alimtaja mama yake. Siku ya usaili kule kambini, mama alikuwa amelazwa, faili lake likatenganishwa na la watoto wakubwa, na wao wakasafiri, yeye akabaki na mdogo wao wa kiume. Miaka ikapita, mwaka hata mwaka, faili likiwa linazunguka maofisini. Mama yule alituuguza sote watatu. Kwetu walipokosa chakula tulienda kwao, na kwao walipokosa alituchemshia maji, akatia chumvi, akatuambia ni supu. Kwa hiyo wa Buffalo alipotia tonge mdomoni na kusema, "Mama angependa hii," hatukuona ajabu. Na sisi tulikuwa tunawaza hivyohivyo.

Mwaka wa tatu, mwaka 2015, ilikuwa zamu ya Buffalo, na ulikuwa na sababu kubwa kuliko yote. Mwezi wa sita, wa Buffalo alikuwa ameapa, akapewa uraia. Sasa angeweza kumwombea mama yake moja kwa moja, mtoto akimwita mzazi, bila kungoja faili lile la zamani. Alinipigia akilia kwa furaha, akaniambia tusije na zawadi yoyote, tuje na njaa.

Miaka miwili nilikuwa nimekutana nao kwa siku zangu za mapumziko tu, bila kuchukua likizo kwenye ghala la vifurushi ninakofanya kazi. Nilimwomba msimamizi siku nne, akanipa kwa uso wa mtu anayetoa figo. Ijumaa alfajiri nilitoka Louisville, saa nne nikafika Gahanna, nikampakia wa Columbus na sufuria zake, na sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, aliyoigandisha kwenye friji wiki nzima. Tuliimba njiani. Tulikuwa tumefika karibu na Cleveland, tumesimama kituo cha mafuta, nikiwa nimeshika bomba, simu yangu ikalia.

Alikuwa mjomba wake wa Buffalo, mdogo wa mama yake, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama huko Iowa. Alinisalimia kwa kirefu, akaniuliza habari ya watoto wangu mmoja mmoja, nikajua kuna kitu.

"Dada yangu alitutoka jana," akasema. "Moyo. Donc basi, weye ndiye mukubwa kati yenu. Musimuambie. Nitatoka kazini kesho mangaribi pamoja na pasta wa kanisa, tutakuwa pale siku ya Mungu asubuhi. Mpaka pale mumushike muzuri, akule, alale."

Siku ya Mungu ni Jumapili, na lazima nieleze jambo hili kwa asiyetujua. Kwetu mtu haambiwi kifo kwa simu, wala haambiwi na rika lake. Wazee wanakusanyika kwanza. Wanahakikisha mfiwa amelala, amekula, kuna wanawake wenye nguvu wa kumshika, ndipo mkubwa wa ukoo anaketi mbele yake na kuanza kwa mbali, kidogo kidogo, mpaka anafika. Mpaka wazee wafike, wote wanaojua wanakaa naye kama kawaida. Wanacheka naye, wanampa chakula. Si uongo, ni kumbeba. Niliona hivyo kambini mara nyingi sana. Lakini kambini wazee walitoka hema la tatu, wakafika kabla uji haujapoa. Jambo zima lilikwisha asubuhi moja, na mfiwa akawahi kumwosha maiti wake na kumzika. Hakuna aliyewahi kukaa chini akafikiria itakuwaje wazee wakiwa Iowa.

Nilimwambia wa Columbus pale pale, kati ya magari. Alikaa kwenye ukingo wa saruji, akafunika kichwa kwa kanga. Alipoinua uso alisema, "Tumuambie leo. Tukifika tu, tumuketishe, tumuambie."

"Mjomba alisema siku ya Mungu."

"Na mazishi iko siku gani?"

"Kesho, alisema. Saa nane ya kule."

"Donc atajua wakati mama yake ameisha kuwa mu udongo." Aliniangalia. "Kuko wazee Buffalo. Kuko pasta wake. Juu ya nini tungoje mutu wa Iowa?"

"Juu ni mjomba wake," nikasema. "Sisi ni nani?"

"Sisi ni ndugu zake."

Nikamwambia aingie garini. Nilisema kwa sauti ile yangu, na yeye akainuka, akapangusa sketi yake, akaingia.

Nimejitetea mara nyingi kwa miaka hii. Nimesema ilikuwa desturi, nimesema nilitumwa na mkubwa, na yote mawili ni kweli. Lakini kuna la tatu ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Nilitaka likizo yangu. Nilikuwa nimesubiri miaka miwili, nimeendesha tangu alfajiri, na pale kituoni, mjomba alipotamka siku ya Mungu, kitu fulani ndani yangu kilipumua. Nilihesabu haraka: leo, kesho. Siku mbili bado zetu. Mama aliyenipa supu ya maji na chumvi amekufa, na mimi nikafurahi kwamba kuna siku mbili. Naona haya kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wa Buffalo alikuwa anatusubiri barazani, kwenye nyumba yao ya mbao ya mtaa wa West Side, ile yenye rangi inayobanduka. Alitukumbatia wote wawili pamoja, akatuvuta ndani, akatuuliza mbona macho yetu mekundu. Nikasema ni barabara. Mumewe alisimama mlangoni mwa jikoni, mjomba alikuwa amempigia na yeye, na tulipokutana macho aliangalia chini. Jioni ile alitafuta zamu ya ziada kazini, na kesho yake pia. Alikuwa anamkimbia mkewe.

Kulikuwa na simu yake ya kuangalia. Kundi la ukoo lilikuwa limejaa maombolezo tangu asubuhi, na yeye alikuwa bado hajalifungua kwa sababu alikuwa anapika. Basi nikabuni mchezo. Nilitangaza kwamba mwaka huu tunapumzika kweli, hakuna simu mpaka Jumapili, tutazitia zote kwenye sufuria na kufunika. Aliupenda mchezo huo. Alizima simu yake mwenyewe, akaiweka ndani, akapiga mfuniko kama ngoma. Wa Columbus alitoka nje akakaa barazani muda mrefu, akisema anapunga upepo.

Ijumaa ile tulimpeleka ziwani. Upepo ulikuwa mkali, maji ya kijivu, yeye akakunja sketi akaingia mpaka magotini, akapiga kelele kwa baridi. Alirudi akanishika mkono, akaniambia mambo yote aliyoyapanga. Chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, kitakuwa cha mama. Basi nambari fulani inapita pale pale kwenda kliniki. Kanisani kuna bibi wa Uvira atakayekuwa mwenzake wa mazungumzo. Nilisema ndiyo. Nilisema chumba kile kina joto zuri. Niliuliza hata mapazia atatia ya rangi gani, na akanijibu.

Jumamosi asubuhi tulikaanga sambusa. Saa ya jikoni ilikuwa juu ya friji, na mimi nilikuwa nimesimama mkabala nayo nikikunja unga. Kambini wanazika saa nane, kwetu ni saa mbili asubuhi. Ilipofika saa mbili kamili wa Buffalo alikuwa ameshika kijiko cha mafuta, anaimba wimbo wa kwaya yetu ya zamani, na alikosea maneno ya ubeti wa pili kama alivyokosea siku zote. Wa Columbus aliacha kukunja, akaenda msalani. Nilimsikia akifungulia bomba la maji. Mimi niliitikia wimbo.

Mchana wageni walikuwa wachache, majirani wawili na msichana mmoja anayefanya naye kazi kiwandani. Tulikula ugali, sombe iliyoungwa kwa mawese, samaki, maharage na sambusa zile. Msichana wa kiwandani alileta keki yenye rangi za bendera na kofia ya karatasi, wa Buffalo akaivaa. Halafu akavuta kiti kitupu, akakiweka kichwani mwa meza, akapakua chakula kwenye sahani na kukiweka mbele ya kile kiti.

"Mwaka ujao, mama yangu ataikaa hapa," akasema. "Nanyi mutakuja, na mutamuonea haya, juu atawaambia yote mulifanya mukiwa batoto."

Wote walipiga makofi. Mimi pia. Akacheza, kofia ikamwangukia jichoni, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa, na kiti kilichokuwa karibu ni kile. Akakikalia, akala chakula kile cha sahani ile, huku akijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge chake. Msichana wa kiwandani alipiga picha. Hakuwa anajua lolote. Aliziweka mtandaoni, zenye jina la mwenye sherehe.

Mjomba na mchungaji walifika Jumapili, saa tatu asubuhi, nguo zimekunjamana kwa safari. Wa Buffalo aliwafungulia mlango akiwa na furaha, akidhani wamekuja kumpongeza kwa uraia, akauliza mbona hawakusema wangekuja. Halafu akaona mumewe yuko nyumbani, akaona wanawake wawili wa kanisani wanaingia kwa mlango wa nyuma bila kupiga hodi. Alikuwa mtoto wa desturi ileile. Kabla mjomba hajafungua kinywa, alikaa chini mwenyewe.

Mjomba alianza kwa mbali, kama inavyotakiwa. Alitaja babu, alitaja milima, alitaja namna dada yake alivyombeba mgongoni wakati wa vita. Alipofika, nilikuwa nimemshika wa Buffalo bega la kushoto. Hakupiga kelele. Alitetemeka tu, mwili wote, na sisi tukamshika, na kwa dakika ile nilifikiri tulifanya vizuri.

"Siku gani?" akauliza.

"Siku ya ine," akasema, yaani Alhamisi.

"Batamuzika siku gani?"

Mjomba akasafisha koo. "Balimuzika jana."

"Saa ngapi?"

"Saa nane ya kule."

Nilihisi bega lake likitulia mkononi mwangu. Alikuwa anahesabu. Aligeuza uso taratibu mpaka ukanielekea, na alizungumza kama mtu anayeuliza njia.

"Nilikuwa nakaanga sambusa," akasema. "Weye ulijua?"

Nikasema nilijua.

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa. Mu njia."

Akamtazama wa Columbus, naye akaitikia kwa kichwa huku analia. Wa Buffalo aliutoa mkono wangu begani kwake, polepole, akauweka kwenye paja langu mwenyewe, kama mtu anayerudisha kitu kwa mwenyewe. Kisha akaomba simu yake.

Hakuna aliyemzuia. Alifunua sufuria, akaiwasha, ikaanza kulia na haikunyamaza kwa dakika nzima. Mdogo wake wa kiume aliyebaki kambini alikuwa amempigia mara nyingi siku ya mazishi. Alikuwa amesimama kando ya kaburi na simu mkononi, ili dada yake asikie. Ndivyo watu wa kwetu wanavyozika siku hizi, mmoja anashika simu juu ya kaburi na walio mbali wanaimba kutoka huko waliko. Alipiga, akapiga tena, mpaka wakamaliza kufukia. Jioni, wakiwa wamekaa matangani, binamu mmoja akaona zile picha: kofia, keki, mdomo wazi kwa kicheko. Simu ikapita mkono kwa mkono. Wapo waliosema Amerika imemla. Shangazi yake mmoja aliandika kwenye kundi la ukoo, mbele ya watu wote, kwamba sasa wanajua ni nani asiyehitaji kuambiwa msiba.

Tulibaki siku mbili zaidi. Tulifagia, tuliosha vyombo, tulipokea wageni, tulipika. Chakula tulichopika sisi hakukigusa. Wanawake wa kanisani wakimletea uji aliunywa, mimi nikimletea aliutazama tu. Siku ya kuondoka nilipiga magoti mbele yake nikamwomba msamaha. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza.

"Mulinilisha," akasema. "Mulikuwa munajua, na mulinilisha."

Kuanzia Buffalo mpaka Gahanna, wa Columbus hakunisemesha. Nilipomshusha alichukua sufuria zake, akasimama kwenye dirisha la gari. "Nilikuambia," akasema. Haikuwa kwa hasira. Ningependa ingekuwa kwa hasira.

Mwaka uliofuata sisi wawili tulijaribu. Alikuja kwangu mwezi wa tano, siku moja na nusu. Tulipanda kilima kilekile tukatandika kitenge, tukala, na kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake kipande cha mwisho mpaka kikaliwa na wadudu. Kumbe tulikuwa hatujui kukaa wawili tu. Wa Columbus alisema bado huwa anampigia wa Buffalo, na yeye anapokea, wanaongea habari za watoto. Mimi hakunipokea. Nilimtumia ujumbe kila Jumapili kwa miezi kumi. Alama ilionyesha kwamba ameusoma.

Halafu ukaja mwezi wa sita, siku ya kazi ya kawaida. Nilikuwa nimemaliza zamu saa moja na nusu asubuhi, nimekaa kwenye gari kwenye uwanja wa ghala, sijafunga hata mkanda. Simu ikalia, nikaona jina la wa Buffalo. Nilifurahi. Nilifikiri amenisamehe.

"Uko peke yako?" akauliza.

"Niko mu motoka, kazini."

"Umewasha?"

"Bado."

"Toa funguo. Weka mbali." Akangoja. "Baba yako alikufa usiku. Batamuzika leo, saa tisa ya kule. Ni saa tatu yako. Ndugu yangu atashika telefone. Uko na saa moja na nusu."

Hivyo tu. Hakuanza kwa mbali, hakutaja babu, hakukuwa na mtu wa kunishika. Nilipiga usukani kwa mikono miwili. Nililia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwangu, watu wa zamu ya asubuhi wakipita na vikombe vya kahawa, mmoja akainama kuangalia dirishani kisha akaendelea. Ni vibaya kuambiwa hivyo. Nasema kwa sababu nimeambiwa hivyo: wazee wetu hawakuwa wajinga walipokataza. Na wakati wote nilipolia yeye hakukata simu. Nilimsikia anapumua.

Nilipoweza kusema nilimuuliza kama mume wangu anajua. Akasema anajua tangu alfajiri, na kaka yangu wa Texas anajua, na wazee wangekuja kuniambia kesho, wakishakusanyika. Yeye mwenyewe alikuwa ameombwa asiniambie. Mzee mmoja alimpigia hasa kwa hilo, akamkumbusha desturi.

Saa tatu ilipofika aliunganisha simu tatu pamoja, yake, yangu na ya ndugu yake. Nilisikia upepo kwanza, halafu mvua juu ya miavuli, halafu mchungaji akisema jina la baba yangu. Waliimba. Nikaimba nikiwa garini, na kwa mbali, kutoka Buffalo, nikamsikia yeye akiimba pia, akikosea maneno ya ubeti wa pili. Kisha koleo zikaanza. Udongo wa mvua ni mzito, ulianguka kwa kishindo, na nilisikia kila kishindo mpaka mwisho wake, mpaka wakaupigapiga kwa mgongo wa koleo na mtu akasema basi.

Ndugu yake alikata. Tukabaki wawili kwenye simu.

Nikamwambia asante. Nikamwambia nilikosa, tangu kituo cha mafuta nilikosa, na nikamwambia hata lile la tatu, kwamba nilitaka likizo yangu. Alisikiliza.

"Mwezi wa saba kuya kwangu," nikasema. "Ama miye nikuye kwako. Tukule pamoja tu."

"Hapana," akasema.

"Bado?"

"Baba yako alikuwa anatukatia kuni, shiye na mama. Ni juu yake nilikuambia. Na juu ile mulinifanyia haifai kufanyiwa mutu, hata weye. Lakini kukula pamoja, hapana. Siwezi. Nikishika tonge mbele yako nitasikia saa mbili."

Aliniuliza kama kuna mtu wa kuja kuniendesha. Nikasema yupo, nikadanganya. Akasema nisiendeshe mpaka nitulie, akaniaga kwa heshima, kama mtu anavyomuaga mkubwa wake, na akakata. Hajanipigia tena, nami nimeacha kumtumia ujumbe wa Jumapili. Baba yangu alifukiwa nikisikia. Mama yake alifukiwa yeye akiimba jikoni, mimi nikiangalia saa na kumwitikia.